Masikio Mengi kwa Kazi Moja: Jinsi Mashine za MRI Zilivyoongezewa Mwendo

Katika mambo yanayozungumzwa siku hizi juu ya afya ya umma, lipo moja ambalo sisi tuliovaa sare hulisikia kwa mbali na kulipita, tukidhani kwamba ni la madaktari na wahandisi peke yao. Jambo hilo ni mwendo wa mashine za MRI, yaani zile mashine kubwa zenye umbo la pipa lililolazwa, ambazo hupiga picha za ndani ya mwili kwa nguvu ya sumaku na mawimbi ya redio, pasipo mionzi ya eksirei. Viwanda vinavyoziunda vinashindana kutangaza kwamba picha iliyokuwa ikichukua dakika nyingi sasa yachukua chache. Yatupasa tujiulize: mwendo huo umepatikana kwa njia gani, unalipiwa kwa kitu gani, na una maana gani kwa askari aliyeumia kichwa au uti wa mgongo katika nchi zetu?

Tunalichambua jambo hili kwa kuwa askari na polisi ni watu ambao kazi yao huwaweka karibu na majeraha ambayo mashine hii huyaona vizuri kuliko nyingine nyingi. Ajali ya lori barabarani, kuanguka mazoezini, mshindo wa mlipuko, goti lililoteguka katika doria: katika hayo yote mfupa waweza kuonekana mzima katika picha ya eksirei, huku ubongo, uti wa mgongo au kano vikiwa vimeharibika. Daktari asiyeviona hivyo hana budi kukisia, na kukisia juu ya uti wa mgongo wa mtu ni hatari ambayo hakuna ofisa angependa kuibeba kwa niaba ya askari wake.

Lakini mashine hizo ni chache. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018 juu ya nchi za Afrika Magharibi ulihesabu mashine 84 kwa watu wapatao milioni 372, maana yake mashine moja kwa watu zaidi ya milioni nne. Nchini Japani, kwa upande mwingine, zipo zaidi ya mashine 50 kwa kila watu milioni moja. Mahali penye mashine moja na foleni ndefu, dakika inayookolewa ndani ya chumba cha picha ni dakika ya mgonjwa mwingine aliye nje ya mlango. Ndiyo sababu twasema kwamba mwendo wa mashine si anasa ya nchi tajiri peke yake. Kwa maskini mwendo huo una thamani kubwa zaidi, ilimradi ajue anachokinunua.

Ili tuelewane, tuanze na kazi yenyewe. Mwili wa binadamu kwa sehemu kubwa ni maji, na katika kila tone la maji zimo atomu za haidrojeni zisizohesabika. Kila atomu ya haidrojeni ni kama sumaku ndogo sana. Mgonjwa anapolazwa ndani ya sumaku kubwa, ambayo katika hospitali nyingi ina nguvu ya tesla 1.5, yaani yapata mara 30,000 ya nguvu ya sumaku ya dunia inayovuta sindano ya dira, zile sumaku ndogo huelekea kujipanga. Kisha mashine hutuma wimbi la redio la kuzitikisa, na wimbi hilo linapokoma, atomu hujibu kwa wimbi lao wenyewe, hafifu sana. Jibu hilo ndilo linalosikilizwa na waya uliozungushwa kuwa duara, ambao wataalamu huuita koili ya kupokea. Kwa maneno mengine, mashine ya MRI ni kituo cha redio kinachosikiliza mnong'ono wa maji yaliyo mwilini.

Kusikia mnong'ono hakutoshi. Ni lazima kujua umetoka wapi. Mwaka 1973 Paul Lauterbur, aliyekuwa akifanya kazi katika jimbo la New York, Marekani, alichapisha njia ya kulijibu swali hilo. Nguvu ya sumaku ikifanywa iwe kubwa upande mmoja wa mwili na ndogo upande wa pili, kila mahali patajibu kwa masafa yake, na kwa kulinganisha masafa hayo picha itajengeka. Peter Mansfield wa Nottingham, Uingereza, aliikuza kazi hiyo pamoja na hesabu zake, na mwaka 2003 wote wawili walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba.

Hapo ndipo ulipo ucheleweshaji. Kwa njia ya kawaida mashine haipati picha nzima kwa mara moja. Huikusanya mstari baada ya mstari, na kwa kila mstari hubidi itume wimbi, isikilize jibu, kisha ingoje atomu zitulie kabla ya kuanza upya. Tuchukue mfano wa hesabu rahisi. Picha yenye mistari 256, ikiwa kila mstari wataka sekunde mbili, itahitaji sekunde 512, yaani dakika nane na nusu. Mgonjwa mmoja huhitaji picha za namna kadhaa, na katika muda wote huo yampasa asijitikise. Mtu mzima mwenye afya aweza kuvumilia. Aliyeumia kichwa na kuchanganyikiwa, mwenye maumivu makali, au mtoto mdogo, hawezi. Na akijitikisa, picha huharibika na kazi yaanza upya, au hulazimika kupewa dawa ya usingizi yenye hatari zake.

Wahandisi walijaribu kwanza njia ambayo mtu yeyote angeijaribu: kuikimbiza mashine yenyewe. Walijifunza kukusanya mistari mingi baada ya kila wimbi, na wakaongeza nguvu ya zile koili zinazoiinamisha sumaku kutoka upande hadi upande, ambazo ndizo zinazotoa ule mlio wa kugonga unaowashtua wagonjwa. Mafanikio yalikuwa makubwa, lakini mwisho wake ukafika, na mwisho huo haukuwekwa na chuma wala umeme. Uliwekwa na mwili wa binadamu. Sumaku ikibadilishwa haraka kupita kiasi, huiamsha mishipa ya fahamu ya mgonjwa, misuli ikashtuka yenyewe. Na mawimbi ya redio yakiongezwa kupita kiasi, huupasha mwili joto. Kwa hiyo, hata kama kiwanda kingeweza kujenga mashine ya kasi zaidi, mgonjwa asingeweza kuistahimili. Ilibidi njia nyingine itafutwe.

Njia hiyo ilitokea mahali ambapo hapakutazamiwa. Mwaka 1990, katika maabara ya kampuni ya General Electric mjini Schenectady, jimbo la New York, Peter Roemer na wenzake walieleza jinsi ya kutumia koili kadhaa ndogo za kupokea kwa wakati mmoja. Jina waliloipa mbinu yao lilifuata lile la rada zenye antena nyingi zinazofanya kazi kwa pamoja, ambazo wenzetu wa ulinzi wa anga wanazifahamu. Nia yao haikuwa mwendo. Koili ndogo iliyowekwa karibu na ngozi husikia vizuri kuliko kubwa iliyo mbali, lakini husikia eneo dogo. Wakazipanga kadhaa kwa safu, kila moja na kipokezi chake, wakapata usikivu wa koili ndogo juu ya eneo la koili kubwa, kama vile uti wa mgongo kwa urefu wake.

Kulikuwa na kikwazo kimoja ambacho askari wa mawasiliano watakitambua mara moja. Koili mbili zikikaribiana huanza kuingiliana, kila moja ikiipigia mwenzake kelele, kama walinzi wawili wanaozungumza badala ya kusikiliza. Kundi la Roemer lilitatua jambo hilo kwa kuzilaza koili jirani moja ikifunika sehemu ya nyingine kwa kipimo maalumu, hata athari ya moja juu ya nyingine ikajifuta, na kwa kutumia vikuza sauti vya namna ya pekee. Tangu hapo kila koili ikawa sikio lenye kujitegemea.

Baada ya hapo wakaja watu walioona kwamba masikio hayo mengi yanaweza kufanya kazi ya pili. Hebu tufikiri juu ya lindo la usiku. Mlinzi mmoja akisikia mshindo gizani, atajua kwamba kuna mshindo, lakini hataweza kusema kwa hakika umetokea wapi. Wakiwapo walinzi wawili katika machapisho mawili yaliyo mbali, yule aliyeusikia kwa nguvu zaidi ndiye aliye karibu nao. Tofauti ya kusikia kwao ni habari ya mahali. Vivyo hivyo koili iliyo mbele ya kichwa huisikia sehemu ya mbele kwa nguvu na ya nyuma kwa udhaifu, na iliyo nyuma husikia kinyume chake. Habari ya mahali, ambayo zamani ilipatikana kwa kuigeuzageuza sumaku mstari baada ya mstari, sasa sehemu yake inapatikana bure kutokana na pale koili zilipowekwa.

Tuone kwa hesabu. Mashine ikiruka mstari mmoja kila baada ya mwingine, muda hupungua nusu, lakini picha hujikunja: sehemu mbili za mwili zilizo mbali huangukia mahali pamoja, pua ikaonekana juu ya kisogo. Tuseme sehemu hizo ni A na B. Kwa koili moja tunajua jumla yao tu, na jumla ya tano yaweza kuwa tatu na mbili, au nne na moja; hatuna njia ya kuamua. Sasa tuwe na koili mbili. Ya kwanza huisikia A mara tatu na B mara moja, na imepata jumla ya 11. Ya pili huisikia A mara moja na B mara tatu, na imepata jumla ya 9. Mtoto wa shule ataona kwamba jibu ni moja tu: A ni tatu na B ni mbili. Kompyuta huifanya hesabu hiyo kwa kila nukta ya picha, na picha iliyojikunja hukunjuliwa. Hii ndiyo siri yote ya jambo hili, na yafaa kila msomaji aibebe kichwani, kwa maana faida zake na hasara zake zote zimo humo.

Fikra hiyo ilikuwa imeandikwa na watafiti mbalimbali tangu miaka ya 1980 kuelekea mwisho wake, lakini ilichukua muda kabla ya kumfikia mgonjwa. Mwaka 1997 Daniel Sodickson na Warren Manning, mjini Boston, walionyesha njia iliyoitwa SMASH, ambayo huziunganisha koili kwa namna ya kuiga kazi ya sumaku inayoinamishwa, hata mistari mingine ikapatikana bila ya kupimwa. Mwaka 1999 Klaas Pruessmann na wenzake mjini Zürich, Uswisi, walichapisha njia ya SENSE, ambayo hupima kwanza ramani ya usikivu wa kila koili, kisha huikunjua picha kama tulivyoeleza. Mwaka 2002 Mark Griswold na wenzake mjini Würzburg, Ujerumani, walitoa njia ya GRAPPA. Hiyo haihitaji ramani ya pekee: hupima kikamilifu mistari michache ya katikati, hujifunza humo uhusiano wa koili zote, kisha huijaza mistari iliyorukwa. Karibu mashine zote za hospitali zinazouzwa leo zinatumia moja ya njia hizo mbili za mwisho au zilizozaliwa nazo.

Matokeo yake yaonekana katika ile hesabu yetu ya dakika nane na nusu. Kwa kupima nusu ya mistari, hubaki dakika nne na robo. Kwa kupima robo yake, hubaki dakika mbili na kidogo. Mgonjwa wa moyo au wa ini, ambaye huamriwa azuie pumzi wakati wa picha, huizuia kwa muda mfupi zaidi, na hilo ni jambo kubwa kwa mtu ambaye mapafu yake yamechoka. Baadaye ikagunduliwa kwamba masikio hayohayo yaweza kutenganisha hata vipande viwili au zaidi vya mwili vinavyopigwa picha kwa pamoja, na mbinu hiyo imewapa wachunguzi wa ubongo uwezo wa kupata picha za ubongo mzima kwa muda usiotimia sekunde moja.

Basi, je, hakuna gharama? Ipo, na ndiyo ambayo wauzaji huitaja kwa sauti ya chini. Mashine inayosikiliza kwa robo ya muda imekusanya robo tu ya mnong'ono ule. Kanuni yenyewe ni hii: ubora wa sauti dhidi ya kelele hupungua kwa kipeuo cha pili cha mwendo ulioongezwa. Mwendo ukiongezwa mara mbili, hubakia asilimia 71 hivi ya ubora. Ukiongezwa mara nne, hubakia nusu. Hiyo ni gharama isiyokwepeka hata kwa koili kamilifu.

Juu ya hiyo ipo gharama ya pili, inayotegemea mpangilio wa masikio yenyewe. Kama wale walinzi wawili wamesimama bega kwa bega, wote watasikia sawasawa, na ushahidi wa wa pili hautaongeza lolote juu ya wa kwanza. Koili ambazo usikivu wao unakaribia kufanana huifanya hesabu iyumbe: kosa dogo katika kusikia hugeuka kosa kubwa katika jibu, na picha hujaa chengachenga, mara nyingi katikati ya mwili, palipo mbali na koili zote. Kwa hiyo si kweli kwamba kuzidisha masikio kutaleta mwendo usio na mwisho. Mwaka 2009 watafiti wa Boston walieleza koili ya kichwa yenye vipokezi 96. Hata hivyo fizikia inaonyesha kwamba mwendo ukipita mara nne hivi katika upande mmoja wa picha, kelele hupanda kwa haraka, idadi ya koili iwe iwayo. Kidole kimoja hakivunji chawa, lakini na vidole mia havimvunji kwa haraka mara mia.

Kutokana na mpaka huo, macho ya dunia sasa yameelekea kwenye kompyuta. Mwaka 2007 Michael Lustig na wenzake wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha kwamba picha za MRI, kama picha nyingine, zina mambo mengi yanayojirudia, na kwa hiyo zaweza kujengwa kutokana na vipimo vichache vilivyochaguliwa kwa bahati nasibu yenye mpango. Mwaka 2018 Chuo Kikuu cha New York pamoja na kampuni ya Facebook walianza mradi wa fastMRI, wakitoa hadharani maelfu ya vipimo ili kompyuta zifundishwe kujaza yaliyorukwa. Mwaka 2020 walitangaza kwamba picha za goti zilizoharakishwa karibu mara nne kwa njia hiyo ziliwatosha madaktari sawa na zile za kawaida. Hilo ni jambo la kufurahisha, kwani goti ni kiungo ambacho askari wengi wamekiharibu kazini.

Lakini katika shindano la mwaka huohuo la picha za ubongo, madaktari waliozikagua picha waligundua kwamba baadhi ya kompyuta zilikuwa zimechora vitu ambavyo havikuwamo kichwani mwa mgonjwa. Hapa tunataka kusisitiza tofauti. Hesabu ya koili nyingi inaposhindwa, hutoa chengachenga na kila mtu huona kwamba imeshindwa. Kompyuta iliyofundishwa, inaposhindwa, yaweza kutoa picha safi yenye uongo ndani yake. Katika upelelezi tunazifahamu aina hizo mbili za taarifa: ile ya mtu asemaye kwamba hakuona vizuri, na ile ya mtu ajazaye kwa maneno yake sehemu ambayo hakuiona. Ya kwanza inachelewesha mpango. Ya pili inaua watu. Ndiyo maana vipimo halisi vya masikio mengi vitaendelea kuwa msingi, na kompyuta itabaki msaidizi anayepaswa kukaguliwa.

Hebu sasa tuigeukie Afrika Mashariki. Mwaka 2022, katika Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Mbarara, magharibi mwa Uganda, ilijengwa mashine ndogo ya MRI kutoka sehemu zilizoletwa kwa ndege kutoka Uholanzi. Dakta Johnes Obungoloch na wenzake wa Uganda na Uholanzi waliieleza kazi hiyo kwa kirefu. Wakufunzi wanne na watu sita ambao hawakuwa na mafunzo ya kazi hiyo walipanga sumaku ndogondogo katika pete 23, wakafunga koili, wakaunda kigari cha aluminiamu cha kuibebea, na tangu sehemu kupokelewa hadi picha ya kwanza kuonekana zilipita siku 11 hivi. Nguvu yake ni tesla 0.05, sehemu moja kwa 30 ya mashine ya kawaida ya hospitali. Moja ya shabaha za mashine za namna hiyo ni watoto wachanga wenye maji kichwani, ugonjwa ambao hospitali ya CURE mjini Mbale imejulikana kwa kuutibu.

Je, mashine kama hiyo yaweza kukimbizwa kwa koili nyingi kama zile za Zürich na Boston? Jibu linatokana na gharama tuliyoieleza. Katika sumaku dhaifu, mnong'ono wa maji ni hafifu sana, na kelele nyingi hutoka katika waya wenyewe wa koili. Mashine hiyo hurudia kusikiliza mara nyingi ili ipate picha ya kufaa. Haina ziada ya sauti ya kulipia mwendo. Kuongeza masikio kwaweza kuisaidia kusikia vizuri zaidi, lakini kuruka mistari kwaweza kuiondolea kidogo ilichonacho. Twasema hivi bila kuidharau kazi ya Mbarara, ambayo faida yake iko mahali pengine: haihitaji heliamu ya kupoozea, hutumia umeme kidogo, na mafundi wa hapa wanaijua ndani na nje kwa kuwa waliijenga kwa mikono yao. Kila silaha ina kazi yake, na kamanda mwema hailaumu bunduki kwa kuwa si mzinga.

Kwa mashine kubwa za tesla 1.5 zilizopo tayari katika miji yetu, hoja ni nyingine. Hizo zina sauti ya kutosha kulipia mwendo wa mara mbili au tatu, na nyingi zilinunuliwa pamoja na koili za kufaa. Swali la kuuliza ni kama masikio hayo yote bado yanasikia. Koili ni kifaa kinachoshikwa, kukunjwa na kuvutwa waya kila siku, na sikio moja likifa ndani ya koili ya masikio 16, mashine haitagoma. Itaendelea kutoa picha, ila zenye kelele zaidi upande mmoja, na mpiga picha asiyejua sababu atapunguza mwendo ili zipendeze. Hapo foleni hurudi kuwa ndefu kama zamani, na hakuna taarifa iliyoandikwa popote. Kupima kila sikio mara kwa mara kwa kutumia chupa maalumu ya majaribio ni kazi ya muda mfupi, lakini yataka fundi aliyefunzwa na daftari linalojazwa. Sisi tulioamriwa kukagua silaha zetu hata siku isiyo na vita hatuhitaji kuelezwa maana yake.

Kwa hiyo wanaopanga kununua mashine, iwe kwa hospitali za raia au za majeshi, wasiridhike kuambiwa kwamba mashine ina kasi. Waulize: ina vipokezi vingapi, na koili zipi zinakuja nazo kwa kichwa, mgongo na goti? Kasi iliyotangazwa ilipimwa kwa kiungo gani, na picha ilipoteza nini? Koili ikiharibika, itatengenezwa wapi na kwa muda gani? Na nani kati ya watu wetu atafunzwa kuipima? Mkataba usiojibu maswali hayo umenunua sumaku, haukununua mwendo.

Mwisho, lipo neno linalowahusu wasomaji wetu moja kwa moja. Katika mashine nyingi za hospitali sumaku haizimwi mchana wala usiku, hata kama hakuna mgonjwa ndani. Mwaka 2000, katika jimbo la New York, ofisa wa polisi aliyekwenda kupigwa picha aliingia na bastola yake. Sumaku ikaipokonya, nayo ilipogonga mashine ikafyatua risasi ingawa iliripotiwa kwamba kizuizi chake cha usalama kilikuwa kimefungwa. Kwa bahati hakuna aliyeumia. Mjini São Paulo, Brazil, mwaka 2023, mwanasheria aliyemsindikiza mama yake aliingia chumbani na bastola, ikafyatuka, naye akafa kwa jeraha hilo. Askari anayelinda majeruhi au mahabusu hospitalini ajue kwamba bunduki, risasi, pingu na kisu havivuki mlango huo, hata kwa amri ya mkubwa wake.

Hatari nyingine hubebwa ndani ya mwili. Aliyewahi kupigwa na vipande vya bomu, au kuingiwa na chembe ya chuma jichoni, anaweza kuwa na chuma kinachovutwa na sumaku karibu na mshipa au jicho. Yampasa aseme kabla ya kulazwa, hata kama jeraha ni la zamani na limepona, ili daktari aamue na kama ni lazima atangulize eksirei.

Hayo yanahusiana na mwendo kwa njia iliyo wazi. Mashine iliyoharakishwa huingiza na kutoa watu wengi zaidi kwa siku, na kila anayeingia ni lazima aulizwe na kupekuliwa upya. Dakika zilizookolewa na koili nyingi ni za mgonjwa anayengoja. Zisichukuliwe kutoka kwenye ukaguzi wa mlangoni. Haraka ya aina hii ina baraka yake, kwa kuwa imetokana na kugawana kazi wala si kuruka kazi. Mstari mmoja wa picha waweza kurukwa, kwa maana wapo mashahidi wengine wa kuujaza. Swali la mlangoni likirukwa, hakuna koili itakayolijaza.